Bibi Alikubali Picha ya Kuonwa na Mtu Mmoja

Admin, jina langu lifiche, na naomba hata kijiji cha bibi kisitajwe. Wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha nne, naishi Ilemela na mama.

Bibi mzaa mama ni wa upande wa Sengerema. Maisha yake yote amebanika samaki, na moshi umemwachia macho mekundu. Wenzangu wa Usukumani mnajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa nani. Wapo waliouawa kwa sababu ya macho tu.

Likizo moja nikiwa kwake, alifika kijana mgeni kutoka nje ya nchi, akiwa na kamera. Mwenyeji wake akatafsiri: "Bibi, anaomba akupige picha akamwonyeshe mama yake." Bibi akacheka, akaenda kufunga kitambaa chake cha kanisani. "Mwambie amsalimie sana mama yake," akasema. "Amwambie huku tupo, tunakula samaki." Akamfungia na sato wawili, maana kwetu mgeni haondoki mikono mitupu.

Kumbe kamera ilikuwa inarekodi video, na salamu zile zilikatwa. Video aliyoirusha mtandaoni ina muziki wa kutisha, macho ya bibi yamevutwa karibu, na juu imeandikwa kwa Kiingereza kwamba huyu ni mchawi wa ziwani. Mtu wa hapa nchini akaitafsiri, ikaanza kuzunguka kwenye magrupu. Mimi nilionyeshwa darasani. "We, huyu si bibi yako? Mwambie basi aniloge nifaulu hesabu!" Wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaenda chooni kulia.

Wateja wakamkimbia. Asubuhi moja akakuta chanja chake cha kubanikia kimevunjwa na mawe yamejaa juu ya bati. Mama akavuka ziwa kwenda kumchukua. Sasa tunaye hapa chumbani, na mtu akija kumsalimia, bibi anaitikia marahaba huku amefumba macho.

Tuliripoti ile video kwenye mtandao wenyewe. Jibu lilikuja kwamba haijavunja taratibu zao. Tukaenda ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo hayo, ofisa akatusikiliza vizuri tu. "Binti, sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo. Lakini aliyerusha yuko nchi nyingine, na kampuni iko nchi nyingine tena. Huko hatuwezi kuamuru, tunaomba. Na wao wana sheria zao."

Nikamuuliza mwalimu wetu wa Uraia. Akasema mataifa yalishakubaliana zamani kwamba faragha na heshima ya kila mtu zilindwe, ila njia ya kumfikisha mtu wa Sengerema mbele ya kampuni ya ng'ambo bado inajengwa. "Itaisha lini, mwalimu?" Akajibu, "Labda ninyi ndio mtaimalizia." Tangu siku hiyo nasoma kwa bidii, nataka kuwa mwanasheria. Lakini bibi ana miaka mingi, sijui kama atanisubiri.

Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza, "Wameshaifuta? Nataka kurudi kwangu." Nikisema bado, anasema, "Mimi nilimpa picha ya kumwonyesha mama yake tu. Hao wengine nani aliwakaribisha?"

Nimefikiria kumwandikia yule kijana mwenyewe. Sitamtukana. Nitamuuliza tu kama mama yake alizipata salamu, kisha nimwombe aifute. Mama anakataa. Anasema, "Akiurusha na ujumbe wako je? Nitawaficha wangapi kwenye chumba hiki?"

Ndugu zangu, kuna aliyewahi kudai haki kama hii kutoka nchi nyingine akasikilizwa? Alianzia wapi? Nimwandikie au nimsikilize mama? Nishaurini, nifanye nini bibi arudi nyumbani kwake salama? Ila nawaomba kitu kimoja, tafadhali: msiitafute ile video. Kama tayari mnayo kwenye simu, ifuteni bila kuiangalia.