Kipande cha Shamba Ambacho Hakikuuzwa

Juma hili, katika bureau, ofisi moja ya mashamba hapa Butembo, nilisimama nyuma ya wamama wawili kutoka Masereka. Mmoja, mwenye nywele nyeupe, alitaka kipande cha shamba lake kiandikwe kwa jina la mwenzake, ambaye vita vilimkimbiza kutoka upande wa Beni.

"Mama, ulimuuzishia bei gani?" karani akauliza.

"Sikuuzisha. Alifika na batoto, nikamupatia pande ya mulima yenye ilikauka, hata maharagi ilikuwa inakataa. Akachimba mitaro ya kushika maji ya mvua, akapanda miti. Sasa batoto yake banakula pale. Na chemchemi ya chini imerudi. Kijiji muzima tunachota."

Mgeni yule aliinamisha kichwa, akashika kitenge chake.

"Donc, basi niandike thamani gani?" karani akauliza polepole.

"Andika ni yake."

Mimi ninapenda kuandika juu ya bei ya mashamba. Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka Masereka, kuiona ile chemchemi. Nilikuta wamama na bidoni zao za maji wakingoja zamu. Walinipisha, nikakinga mikono. Maji yalikuwa baridi hadi meno yakauma, na yalizidi kutoka.