Nililegeza Utepe Milimita Tatu

Jamani, kosa ni langu. Msiseme vita, msiseme shetani. Ni mkono wangu huu!

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, hapa mtaa wa Lemon Gaba. Kusoma nilisomea ukubwani, darasa la jioni, na kwa sababu najua namba kanisa likanichagua kupima watoto waliokonda na kufundisha wamama kuwalisha. Utepe mdogo, unauzungusha kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Chini ya sentimita kumi na moja na nusu ni nyekundu: anapelekwa kliniki siku hiyo hiyo. Ikizidi kidogo ni njano: anarudi nyumbani, mnapima tena baada ya wiki mbili.

Dada yangu mdogo alikimbilia Uganda kutafuta mahali pa kukaa, akaniachia mtoto wake Poni, wa mwaka na nusu. Chakula hakuna! Wangu ni wakubwa, wanajitafutia. Poni akakonda.

Siku ya kupima, wamama wote wanaangalia. Nafunga utepe: kumi na moja na pointi tatu. Nyekundu! Jirani yangu akacheka, "Ee Mama Wani! Watoto wako mashavu, wa dada yako mifupa? Na ni wewe unatufundisha kulisha!"

Wakacheka wote.

Aibu ikanichoma, nikalegeza utepe. Milimita tatu tu, haifiki punje ya mtama! Nikasema kwa sauti, "Pointi sita. Njano." Nikaandika. Mimi, mtu wa maombi!

Siku ya tano risasi zikaanza, barabara zikafungwa. Poni anaharisha, kliniki iko ng'ambo ya askari. Nilimshika tu, nikaomba mpaka sauti ikakauka.

Barabara zilipofunguliwa tukafika kliniki, daktari akapima: kumi na pointi nane. "Mama, ungemleta mapema..."

Hii ni wiki ya pili hapa kliniki. Maziwa anatapika. Sijaondoka kando ya kitanda, lakini nifanye nini? Kupima najua, kuongeza siwezi.

Dada anapiga simu kila siku. "Poni wangu amenenepa?" Namwambia, "Anaendelea." Uongo mwingine!

Leo akipiga nitamwambia yote. Sijui nitaanzia wapi.

Nyinyi mnaopima watoto, nawaomba kwa jina la Yesu: utepe ukionyesha nyekundu, sema nyekundu, hata kama mtoto ni wa kwako na mtaa mzima unacheka. Kicheko kinaisha kabla hujafika nyumbani.