Nguo ya Krismasi

Harufu ya pasi ya makaa juu ya kitenge kipya hunirudisha kwa fundi mmoja wa nguo pale sokoni Voi. Tulikuwa tumetoka hospitali, mama, shangazi na mimi. Mama alikuwa ameambiwa ana saratani ya titi, na shangazi alilia njia nzima. Badala ya kwenda stendi kupanda gari la kurudi nyumbani Mghange, mama akaingia kwa fundi.

"Wifi, wakati huu unashonesha nguo?" shangazi akamuuliza.

"Ya Krismasi."

Fundi alipofika kifuani na tepu yake, mama akamwambia, "Upande huu utaupunguza baadaye. Titi litatolewa. Mimi nabaki."

Mkono wa fundi ukasimama. Mimi niliyekuwa nimebana pumzi tangu asubuhi nikapumua.

Krismasi mama aliivaa nguo hiyo, kifua bapa upande mmoja, kichwa bila nywele wala kitambaa. Kanisani, wanakwaya wenzake wakiwa wamesimama, mzee mmoja alimletea kiti.

"Mpe aliyechoka," mama akasema, akaanzisha wimbo.