Do ya Gerezani

Enzi zetu, sisi tuliolelewa Kariakoo kwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na foleni ya sukari, wimbo haukupakuliwa kwenye simu. Ulitungwa kwa mdomo, ukapigiwa meza, ukala jua la uwanjani mpaka ukaiva. Kwaya ya shule yetu haikuwa na kinanda. Ilikuwa na Mwalimu Tekla, mama wa Kichaga mwenye fimbo ya mpera na sikio kali kuliko fimbo yenyewe.

Ubaoni aliandika do, re, mi, akatufundisha kwamba do ndiyo nyumbani: sauti itembee itakako, lakini mwisho irudi. "Mstari wa kwanza uulize, wa pili ujibu," alikuwa akisema. "Na kiitikio kipande juu, watu waamke!" Do yenyewe tuliichukua kwenye king'ora cha karakana ya reli kule mtaa wa Gerezani. Kilipolia mchana tuliacha kashata na ubuyu, tukaguna nacho mmmm, kisha tukaanza. Nyinyi vijana wa kubonyeza vitufe chekeni tu, sisi hatukuwahi kukosea.

Mwaka mmoja rafiki yangu Mwanahawa akatunga wimbo wa mashindano ya Saba Saba. Ulikuwa wa kilimo, kama nyimbo karibu zote za wakati ule, ingawa jembe tulilishika kwenye shamba la shule tu. Alitunga kiitikio kwanza, beti baadaye, na sauti ya pili akanipa mimi, ikitembea chini ya yake. Baba yake, Mzee Shomari, muuza khanga wa mtaa wa pili, hakupenda binti yake apande jukwaani. "Wimbo huu mmoja tu," alimwambia. "Mkivurunda, kwaya basi." Mwanahawa alilia, nami nikalia naye, maana bila yeye kwaya ingekuwa ya nani?

Siku ikafika. Viatu tumevipaka mafuta ya nazi, sketi zimepigwa pasi ya mkaa. Zamu yetu iliangukia mchana, saa ileile ya king'ora, tukaona Mungu yuko upande wetu. Tukapanda jukwaani, tukatega masikio kuelekea Gerezani. Kimya. Chini, Mwalimu Tekla akashika kichwa. Ilikuwa sikukuu, karakana imefungwa, na hakuna aliyekumbuka!

Walimu walikatazwa kupanda jukwaani. Mwanahawa akaanzisha mwenyewe, na kwa woga akaanzia juu. Ubeti wa kwanza tuliuimba kwa kujikamua. Nikaona mishipa ya shingo yake, nikajua kiitikio hatakifikia. Mzee Shomari alikuwa amesimama mbele kabisa, kanzu nyeupe, mikono nyuma.

Kiitikio kilipofika, Mwanahawa akafumba mdomo, akawageukia wavulana wa besi, akawanyooshea mkono. Wakakipokea wao, chini kabisa, na sisi wasichana tukageuka waitikiaji. Watu wakapiga vigelegele wakidhani ndivyo kilivyotungwa. Tukawa wa pili.

Jioni, nyumbani kwao, Mzee Shomari alimaliza kikombe cha kwanza cha kahawa, akamimina cha pili.

"Mliuanzia juu mno," akasema hatimaye. "Hebu anzeni tena. Chini."

Tukaanza. Kwenye kiitikio tukasikia besi nzito imeingia, tukageuka: ni yeye, kafumba macho, kikombe mkononi. Mwanahawa hakuacha kwaya.

Siku hizi Gerezani yanapita mabasi ya mwendokasi, na king'ora sijakisikia miaka mingi. Mwanahawa tulimzika mwaka jana, na bado nasahau, nashika simu nimpigie. Mjukuu wangu hutunga nyimbo chumbani peke yake. Simu inampa ngoma, gitaa, hata kwaya nzima, bila hata jirani kujua. Ni nzuri, sikatai. Juzi akaniomba nimwimbie ule wimbo wetu aurekodi.

"Anza, bibi," akasema. "Mbona kimya?"

Nilikuwa nangoja king'ora.