Mkebe Mmoja kwa Kila Mti

Juzi nilitoka nyumbani. Usicheke, kwangu hiyo ni habari. Mimi ni mtu ambaye akienda Nyeri mjini kununua sukari hurudi na hadithi kama aliyetoka ng'ambo. Sasa binti yangu, anayeona boma langu limekaa kama uwanja wa mnada wa ng'ombe, alinituma kwa wauza miche kando ya barabara nikalete miti miwili ya kupamba lango. Nikachagua jakaranda, na ule mti tuliouita wa brashi, kwa sababu maua yake mekundu yamekaa kama brashi ya kusugulia chupa. Kijana wa miche akatikisa kichwa. "Mathe, hii usiweke pamoja. Huyu anataka maji, huyu anataka jua."

Nilitaka kumwambia kwamba nilifundishwa hayo kabla mama yake hajazaliwa, na kwamba somo lenyewe lilikaribia kuvunja boma. Lakini alikuwa na wateja wengine, kwa hivyo nakuambia wewe.

Ilikuwa kwetu Giakanja, miaka michache baada ya Uhuru, watu wametoka kwenye vijiji vya hali ya hatari walikofungiwa na wakoloni na kurudi kila mtu kwa shamba lake. Babu alikuwa na wake wawili. Nyanya Mkubwa ndiye aliyemzaa baba yangu, nami nikapewa jina lake, kama desturi yetu inavyotaka. Kwa hivyo Nyanya Mdogo aliniita mke mwenzake. "Mke mwenzangu, leo umetupikia nini?" alikuwa akiniuliza, nami nikijibu kwa maringo, kamasi zikinitoka. Yeye hakujaliwa mtoto. Bila mtoto hakuna mjukuu, na bila mjukuu hakuna wa kuitwa jina lako. Hakuna aliyelisema hilo, lakini hata sisi watoto tulilijua, tukalizunguka kama unavyozunguka moto jikoni.

Babu alikuwa na sheria moja: usawa. Akileta kitambaa, vipande viwili vya rangi moja. Akichinja mbuzi, nyama inagawanywa mpaka nzi wanachoka kungoja. "Sitaki maneno kwa boma yangu," alisema. Basi siku aliporudi kutoka mjini na miche miwili iliyofungwa kwa maganda ya mgomba, akatangaza: mti mmoja kwa kila mke, na mkebe mmoja wa maji kwa kila mti, asubuhi na jioni.

Nyanya Mkubwa alichagua kwanza, akachukua wa brashi kwa sababu ulikuwa tayari na ua. Nyanya Mdogo akabaki na jakaranda, naye hakulalamika hata kidogo. Aliwahi kuiona mjini, kwenye njia ya maofisi, maua ya zambarau yamejaa chini mpaka mtu anaona haya kuyakanyaga. "Huu utanikumbuka," aliniambia, akiushindilia udongo kwa kisigino.

Mchota maji nilikuwa mimi. Mto ulikuwa chini kabisa, mlima wa kurudi ulikuwa juu kabisa, na mpaka leo nikiona kilima nakaa chini. Nilimwaga mkebe hapa na mkebe pale, sawasawa, kama karani wa korti. Mti wa brashi ukanywa na kunenepa. Jakaranda ikaanza kupata manjano. Majani yakadondoka moja moja, na udongo wa shinani ukanuka kama maji ya vyombo vya juzi.

Nyanya Mdogo aliacha kuniita mke mwenzake. Kisha nikaona kiondo chake kikubwa kimetundikwa karibu na mlango, nguo zimekunjwa ndani, na akaanza kutajataja kaka zake wa Chaka. "Huko kuna nafasi," alimwambia Babu. "Hapa hata mti umenikataa."

Nyanya Mkubwa alisikia. Asubuhi moja alichomeka kidole kwenye udongo wa jakaranda, akakinusa, akaguna. "Huu haufi kwa kiu. Unazama." Sasa ona shida. Yeye akizuia maji, watasema ni wivu. Babu akizuia, amevunja sheria yake mwenyewe. Basi wote walijua na hakuna aliyejongea, na mimi nikaendelea kupanda kilima mara mbili kwa siku kuuzamisha mti wa watu kwa ajili ya haki.

Jioni moja Nyanya Mkubwa akaingia jikoni kwa mwenzake. Hakuja kuomba moto wala chumvi. Nilikuwa hapo nikimenya viazi, moshi umenijaa macho.

"Mwenzangu, nipe maji yako."

"Ati nikupe nini?"

"Maji ya mti wako. Wangu uko na kiu kama mlevi. Wako hautaki."

"Ndio wangu ukauke kabisa, nijue hapa si kwangu?"

"Ukikauka, wangu nitaung'oa mbele yako. Kwa hii mikono. Na hii mikono unaijua."

Viazi vilivyokuwa motoni vikachemka. Mwishowe Nyanya Mdogo akanigeukia. "Mke mwenzangu, kesho peleka mikebe yote kwake."

Babu aliuliza ni nani amebadilisha sheria. "Ni sisi," wakajibu pamoja. Akachukua kofia yake akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Udongo wa jakaranda ukakauka, nayo ikapumua, ikatoa majani mapya laini kama manyoya ya kifaranga. Baridi ya Julai ilipoteremka, ule wa brashi haukujali, lakini jakaranda changa ilitetemeka. Nyanya Mkubwa akaleta gunia lake la kukalia akichambua maharagwe, akaifunika kila jioni, akiitukana: "Lala, wewe uliyezaliwa bila ngozi." Kiondo kikashuka ukutani. Nikakiona siku ya soko, kimejaa viazi vitamu, Nyanya Mdogo akilalamika kuwa ni kizito. Chaka haikutajwa tena.

Jakaranda ilichanua nikiwa tayari shule ya sekondari. Nyanya Mkubwa alifagia maua akinung'unika kuwa mti ni mchafu, lakini alifagia njia tu. Ya chini ya mti aliyaacha.

Yeye ndiye aliyetangulia kufa. Kiangazi kilichofuata nilimkuta Nyanya Mdogo, mgongo umepinda, akibeba mkebe kuelekea mti wa brashi. Nikataka kumpokea. "Wacha," akasema. "Huu haujui kungoja. Kama mwenyewe."

Miti yote miwili ilikatwa shamba lilipogawanywa, na palipokuwa na boma sasa kuna nyua nne za seng'enge. Siku hizi kila mtu ana mfereji wake na lango lake, na hakuna anayejua mti wa jirani unaumwa nini.