Ng'ombe wa Pangoni na Unga wa Rangi

Enzi zetu Krismasi ilianzia chini ya kucha. Sisi tuliokulia Bwera, mpakani na Kongo, tulijua imekaribia pale mama zetu walipoanza kutufukuza kwenye sufuria, kwa sababu mikono yote ilikuwa imejaa udongo wa mfinyanzi kutoka ukingo wa mto Lhubiriha. Tuliuchimba kwa jembe bovu, tukachagua vijiwe kimoja kimoja, tukaukanda kwa visigino hadi ukalainika kama ugali wa muhogo uliosongwa na mtu mwenye hasira. Hapo ndipo tulipoanza kufinyanga wanyama wa pango la Noeli.

Wa rika langu mnakumbuka utaratibu wenyewe. Majilio yakianza, wiki nne kabla ya Krismasi, katekista aligawa wanyama kwa nyumba. Nyumba hii kondoo, ile punda, nyingine jogoo, ingawa hakuna aliyejua jogoo alifuata nini Bethlehemu. Nyumba yetu ilikuwa na ng'ombe tangu wakati wa babu, na ng'ombe ndiye aliyewekwa karibu kabisa na Mtoto Yesu, ampulizie joto. Waliofinyanga ni watoto tu. Mtu mzima akionekana ameshika udongo, majirani walimcheka wiki nzima. Mnyama alifungwa jani la mgomba akakaushwa kivulini siku tano au sita, kwa sababu juani angepasuka mgongo. Mimi nilikuwa nikimchungulia kila saa, na mama alinifokea, "Acha kumfunua, huyo si mandazi."

Halafu baba akafariki, na mama naye akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la sita. Jina langu ni Masika, na kwetu Wakonzo jina hilo hupewa msichana wa kwanza. Hakuna anayekuuliza kama unalitaka. Nyuma yangu kulikuwa na Biira, miaka saba, na Muhindo ambaye alikuwa bado hajatembea. Nikaacha shule, nikaanza kuuza nyanya soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa.

Majilio yalipofika nilifikiri ng'ombe wetu angepewa nyumba nyingine. Katekista alipita tu mlangoni akasema anamsubiri. Basi nikamfinyanga sokoni, chini ya meza, mteja mmoja akiondoka na mwingine hajafika. Jirani yangu wa meza alikuwa Mama Kavira, Mkongo wa Beni aliyeuza mafuta ya mawese. Alimwangalia ng'ombe wangu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Masika, hii ngombe yako iko na tumbo ya tajiri na miguu ya kuku. Itaanguka mbele ya Mungu."

Nikamvunja, nikaanza upya. Nikampa miguu minene, nikaikunja kidogo kama ya mnyama anayetaka kulala. Akasimama. Jioni nilimwonyesha Biira nilichojifunza: tumbo lisishinde miguu.

Siku ya kupeleka wanyama kanisani Muhindo alikuwa na homa, nikabaki naye nyumbani. Biira akambeba ng'ombe kwenye ungo. Kanisani katekista aliuliza mbele ya watu wote nani amemfinyanga, maana hajawahi kuona ng'ombe kama huyo. Biira akasema ni yeye. Mimi nilisikia kwa majirani waliopita kutupongeza. Mtoto huyu ana mikono, walisema, mtoto huyu asiachwe hivi hivi. Sista mmoja akaanza kumwulizia habari za shule, akamlipia karo, na hakuchoka kumwulizia mpaka Biira akamaliza masomo yote. Nikawaacha waamini hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na watu walishaanza kuniita mama Muhindo, na mama hagombanii ng'ombe wa udongo na mtoto wake. Lakini nilisaga meno, na hadi leo ninayasaga.

Sasa Biira ni mwalimu wa chekechea huko Bulembia, juu kidogo ya mji wa Kasese. Siku ya mwisho ya muhula alinialika nimlete binti yangu wa miaka mitano afanye na wenzake kazi za Krismasi. Binti yangu naye ni Masika, kwa kuwa ni wa kwanza. Hizo kazi zenyewe ni unga wa ngano uliopikwa na chumvi, mafuta na rangi mpaka ukawa donge laini la kuchezea. Donge jekundu lina kopo lake, la kijani lake, la manjano lake. Hakuna kijiwe cha kuchagua wala kisigino cha kukandia. Kuna vikatio vya plastiki vyenye umbo la nyota. Mtoto anabonyeza na nyota inatoka. Hata mbuzi akikanyaga, nyota itatoka. Wakafanya mti wa kijani wakaupamba kwa shanga, wakaviringisha mishumaa, na kila mshumaa ukapigiwa makofi. Mmoja alilia kwa sababu unga ulimnata kidole, akapanguswa kwa kitambaa. Sisi tulikuwa na udongo mpaka masikioni na hakuna aliyetupangusa.

Nilikaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yakikaribia kidevu, wivu ukanijaa mpaka mate yakawa machungu. Niliwaonea wivu wale watoto na makopo yao. Nilimwonea wivu Biira, aproni yake safi, na namna kila kichwa kilivyogeuka akiongea.

Binti yangu alikuwa anafinyanga ng'ombe. Akamweka mezani, akaanguka. Biira akainama karibu naye. "Unaona? Tumbo limeshinda miguu."

Nikamwambia mtoto kwamba maneno hayo ni yangu mimi, niliyatoa sokoni. Akanitazama kwa huruma.

"Mama, wewe hukusoma. Ticha ndiye anajua."

Darasa zima likacheka. Nikachukua donge la manjano. Sikumbuki kama niliomba. Unga ule ni laini mno, hauna mfupa, lakini mikono haikunitupa. Miguu minene, imekunjwa kidogo, nundu, pembe mbili. Nikamweka mezani, akasimama, na kicheko kikaisha. Biira akamgusa nundu kwa ncha ya kidole.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "ni yule."

"Ni yule," nikamjibu.

Alitaka kuongeza neno, lakini kengele ikalia, na sheria ya darasa ni kwamba kengele ikilia kila rangi irudi kwenye kopo lake. Binti yangu akamkamata ng'ombe wangu, akamfinya kwa viganja viwili akawa donge, akamtia ndani na kufunga kifuniko.

Mlangoni Biira aliniomba nimwachie mtoto. Akae naye, aanze shule hapo Februari, asome mpaka atakapofika. Alisema alitaka kuniomba tangu mwaka jana akaogopa. Nikamuuliza aliogopa nini.

"Kwamba utasema nimekunyang'anya tena."

Nikasema nitafikiri. Njia nzima ya kurudi nyumbani, kupitia Kisinga, mtoto alilala mapajani mwangu, mikono yake ikinuka chumvi.

Nimefikiri. Enzi zetu ng'ombe alisimama pangoni hadi sikukuu ya Epifania, na kama ulikosea mguu mmoja, parokia nzima iliutazama. Ng'ombe wa watoto wa leo hafiki hata saa sita mchana. Nilitaka kuwacheka kwa hilo, kumbe hilo ndilo ninalowaonea wivu kuliko rangi zote. Mtoto anakosea, anafinya, anaanza tena, na hakuna anayemgongea mlango kusema anamsubiri. Mimi nilikauka na umbo langu nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Jana nimempigia Biira simu. Nimemwambia amchukue. Nimemwambia pia kwamba siku watoto watakapomuuliza nani alimfundisha kufinyanga ng'ombe, ajibu vizuri. Akasema atajibu vizuri. Bado ninamwonea wivu, yeye na mtoto pia, wala sitaficha. Februari itanikuta mlangoni nikimfunga viatu Masika mwenzangu, na atakwenda.