Kidole Juu ya Ukurasa

Nakumbuka asubuhi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mwanangu, mtaa mzima umekwenda kuzibua mitaro na barabara ya Nyamirambo haina hata pikipiki. Mimi umri wangu ulishanisamehe majembe. Nilikaa sebuleni na kitabu cha hadithi, cha kwanza kukifungua kwa raha yangu tangu nilipoanza kazi ya ofisini, na usinicheke, maana hiyo ni miaka mingi. Kusoma nilisoma kila siku: ripoti, matangazo, meseji za kikundi cha familia. Raha yake ndiyo iliyoniponyoka bila hata kuniaga.

Zamani haikuwa hivyo. Tulipokuwa Bujumbura, mimi na dada yangu Konsolata tulisoma kitabu kimoja kwa pamoja, tumelala kifudifudi mkekani, bega kwa bega. Vitabu vilikuwa vya kuazima, havikai nyumbani, na hakuna kati yetu aliyekubali kungoja zamu. Mimi nilisoma mbio, nikitaka tu kujua nani ataolewa na nani atakufa. Yeye alisoma polepole kama mtu anayechambua mchele. Basi tukawa na sheria yetu: ukurasa haugeuzwi mpaka Konsolata agonge karatasi kwa kidole. Mimi nikiguna, yeye anazidi kuchelewa makusudi. Baadaye tulirudi Rwanda, tukaolewa, na homa ikamchukua Konsolata kabla mtoto wake hajaota meno. Nilimlilia sana. Vitabu vya hadithi sikuvigusa tena, nikijiambia kwamba sina nafasi.

Asubuhi ile nilifika mwisho wa ukurasa, nikataka kugeuza, mkono ukagoma. Nikabaki nimeukodolea macho mstari wa mwisho. Kisha nikasikia upande wangu wa kushoto: ko, ko. Karatasi ilitikisika chini ya dole gumba langu. Nikageuza, kwa sababu ndivyo nilivyozoeshwa, nikasoma bila kuelewa kitu, na mwisho wa ukurasa uliofuata ikaja tena: ko, ko. Kochi kando yangu lilikuwa limebonyea.

Nilitupa kitabu nikatoka mbio. Nilisimama uani na kitenge begani mpaka mume wangu aliporudi na sepetu yake. Sikumwambia neno. Angesema ni uzee.

Niliamua kugawa vitabu vyote, nisisome hadithi tena maishani. Lakini kitu kimoja kilinizuia: kama ni Konsolata kweli, basi namfukuza dada yangu nyumbani kwangu. Wiki ile ile nikapanda basi mpaka Kabuga kwa Masenge Veneranda, shangazi yetu aliyetulea, kitabu nimekitia mkobani ili nikakiache huko. Masenge hajui kusoma, na macho yake sasa yana ukungu. Nilimsimulia yote. Hakushangaa hata kidogo, na hilo lilinitisha zaidi.

"Wewe uko na woga ya nini?" aliniuliza. "Alipokuwa hai, alikuwa anakutisha?"

"Hapana, Masenge."

"Sasa unamkimbia kwa nini? Umetupa kitabu, yeye amebaki katikati ya hadithi. Hiyo si adabu, yewe. Iko wapi hiyo kitabu? Soma."

Nikaketi mkekani miguuni pake, nikasoma kwa sauti. Kuku walikuwa wamenyamaza uani. Nilifika mwisho wa ukurasa, nikasubiri. Kimya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwamba amekwenda, na mimi ndiye niliyemwondoa. Machozi yakanidondoka, nikashika pembe ya karatasi nigeuze mwenyewe.

Masenge akanikamata mkono. Hakuwa ananiangalia mimi. Macho yake yenye ukungu yalikuwa yameelekea pale mkekani kando yangu, na alikuwa akitabasamu.

"Mngoje," alisema. "Bado yuko mstari wa chini."

Nikamngoja.

Mwanangu, utakua, na kusoma kwako kutabadilika. Leo unameza hadithi ufike mwisho. Kesho kazi itakunyang'anya hadithi zenyewe, utasoma tu kile unachotakiwa kusoma, na hutajua ni siku gani ulipoacha. Ukirudi, maana nakuomba urudi, utajikuta unasoma polepole na kusimama mwisho wa ukurasa bila sababu. Usijilaumu. Usikimbilie simu. Simama tu hapo, na unapoketi na kitabu, acha nafasi kidogo upande wako, kwa sababu wale uliosoma nao, au waliokusomea, nao walipenda hadithi. Ukiogopa, ogopa, lakini usifunge kitabu.

Mungu akutunzie macho yako mpaka uzeeni. Akupe nyumba yenye kimya cha kutosha kusikia, na moyo usio na haraka, na asikuache usome peke yako.